Shangazi, TB imeondoka lakini nakesha kama popo, je nikodolee jua?

Asalaam alaykum Shangazi, shikamoo. Mie ni msomaji wako wa siku nyingi, huwa nasoma hapa mambo ya mawifi na mahari nacheka peke yangu, leo na mie yamenifika ila yangu si ya mapenzi.

Nina miaka 41, nimezaliwa Wete, Pemba, nikaolewa Unguja, tunakaa Mkunazini, chumba cha chini kwenye nyumba ya mawe ya zamani. Mwaka jana nilikuwa nakohoa nikadhani vumbi, nikanywa tangawizi na asali wee, mwisho nkapimwa makohozi wakaniambia TB na hapo hapo wakapima damu ikaonekana na kisukari ambacho sikijui kimeanza lini. Nimekunywa vidonge miezi sita, mume wangu ndo alikuwa msimamizi, kila asubuhi ananisimamia kama mtoto wa chuoni mpaka nimeze, mkojo rangi ya soda ya chungwa mpaka nikazoea. Alhamdulillah makohozi yakatoka safi nikaambiwa nimepona, sasa ni mwezi wa nne.

Lakini Shangazi mie nimepona kwenye karatasi tu. Nikitoka sokoni Darajani na mkungu wa ndizi mdogo lazima nikae kwenye baraza ya watu nipumzike. Na usingizi ndo balaa. Wakati naumwa nilikuwa nalala chumbani mchana kutwa, dirisha letu linatazama uchochoro na ukuta wa jirani, taa tunawasha hata saa sita mchana, basi nikazoea hivyo. Sa hivi nikisali Alfajiri narudi kitandani mpaka saa tano, siku nyengine saa sita, watoto wanakwenda skuli baba yao ndo kawapikia chai. Usiku wote wamelala mie macho makavu, simu mkononi, ikifika saa nane njaa inanibana nakula boflo na chai ya maziwa au wali uliobaki. Sukari ya asubuhi ni 10, 11. Daktari kaniongeza metfomini, vile vidonge vya sukari, akaniuliza unakula nini nikamwambia nakula vizuri tu, Mungu anisamehe.

Sasa binamu yangu kanitumia klipu kwenye watsapu, kuna bwana anasema jua la asubuhi linatibu kila maradhi, ulitazame kwa macho makavu dakika kumi bila kupepesa, miguu peku juu ya ardhi, ukifika siku arubaini sukari inaondoka kwa hiyo vidonge tupa. Mamaangu kule Wete nae anasema rudi nyumbani ukae juani, zamani wagonjwa wa kifua walikuwa wanatolewa nje wakiota jua wanapata nafuu. Mume wangu anasema huo ni uvivu umenizoea, hakusema kwa ubaya lakini imeniuma. Na mie nikitoka nnavaa buibui na ninja ya kufunika uso, hilo jua litaniingilia wapi?

Juzi nilijaribu, nkapanda kwenye sakafu ya juu ya jirani nkalitazama jua nikahesabu mpaka ishirini, basi mpaka saa tatu kila nnachokiangalia kina duara la kijani katikati. Nikaogopa. Nisaidie Shangazi.

Mchovu wa Mkunazini

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili mpaka chai ikapoa.

Nianze na hilo duara la kijani mana ndo lililonishtua. Usirudie tena. Jua hata likiwa bado liko chini lenzi ya jicho inalikusanya kuwa nukta moja nyuma ya jicho, ule mchezo wa watoto wa skuli wa kuchoma karatasi na kipande cha lenzi ndo huo huo, na kule nyuma hakuna maumivu kwa hiyo unaungua wala husikii. Jua lilipopatwa Septemba 2016 si tulihangaika wote kutafuta miwani maalum, leo mtu anakwambia likodolee bila kupepesa na sie tunamsambaza. Tena weye una kisukari ambacho chenyewe kinashambulia mishipa midogo ya nyuma ya jicho. Kama bado unaona doa katikati ya unachotazama, au mstari ulionyooka unakuonekania umepinda, nenda kliniki ya macho wiki hii hii. Na hata kama limeondoka nenda, mana mwenye kisukari anatakiwa achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka, na nna hakika weye hujachunguzwa hata mara moja. Binamu yako mpelekee na huu ujumbe.

Vidonge vya sukari usiache hata kimoja. Sukari ikiwa juu kinga inalegea na TB inapata njia ya kurudi, sasa miezi sita ya mkojo wa chungwa itakuwa umeivumilia kwa ajili gani?

Mamaako hakukosea, ila kakusimulia nusu ya hadithi. Kweli wagonjwa wa TB walikuwa wanatolewa juani, na si Pemba tu. Kulikuwa na daktari wa Denmark, Niels Finsen, alikuwa anatibu TB ya ngozi kwa mwanga wa taa kali mpaka mwaka 1903 akapewa tuzo ya Nobeli, na mwaka huo huo daktari mwengine, Auguste Rollier, akafungua kliniki ya jua kule Leysin kwenye milima ya Uswisi, wagonjwa wa TB ya mifupa wanalazwa kwenye roshani wakiota jua. Walifanya hivyo kwa sababu dawa hazikuwepo. Streptomaisini, dawa ya TB, ilipogunduliwa mwaka 1943 na nyengine zikafuata, mambo ya kulaza watu roshanini yakaisha yenyewe. Kwa hiyo umwambie mama kwa adabu, TB yako imeuliwa na vidonge, jua tunalitaka kwa kazi nyengine.

Na kazi yenyewe ni hii. Mie nnavyoisoma barua yako TB imeondoka lakini imekuachia saa iliyoharibika. Ndani ya kichwa kuna sehemu ndogo kuliko punje ya mchele, imekaa juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, hiyo ndo saa ya mwili, ndo inayopanga lini upate usingizi, lini joto la mwili lishuke, lini ile homoni ya kukuamsha ipande, na hata chakula mwili ukishughulikie vipi. Sasa saa hii ina kasoro, kwa wengi wetu mzunguko wake unazidi masaa 24 kidogo, kama saa ya ukutani inayochelewa dakika kadhaa kila siku, kwa hiyo lazima irekebishwe kila siku na mrekebishaji mkubwa ni mwanga. Mwanga wa asubuhi unaiwahisha, mwanga wa usiku unaichelewesha. Weye asubuhi uko kizani na usiku una simu usoni, yani unaichelewesha tu hairekebishwi, ndo mana ukisikia adhana ya Alfajiri mwili wako unaona ni saa sita ya usiku.

Usidhani haya ni mambo ya kizungu. Kule Wete si umecheza na kifauwongo weye, ule mmea unaojikunja ukiugusa, na umeona majani ya mkwaju yanavyojikunja Magharibi. Mfaransa mmoja, de Mairan, mwaka 1729 aliufungia kizani mmea wa namna hiyo, majani yakaendelea kufunguka na kujikunja kwa wakati wake ingawa jua halioni. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Nobeli kwa kuonyesha jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya chembe za mwili, nao walichunguza vile vijinzi vidogo vinavyozunguka maembe yaliyoiva. Sie wenyewe saa yetu ya Kiswahili si inaanza kuhesabiwa jua linapotoka? Na huku kwetu jua halimdanganyi mtu, urefu wa mchana mwaka mzima unapishana kama dakika 40 tu, wenzetu wa Denmark kuna miezi mchana wenyewe ni masaa saba.

Sasa swali la ninja. Hapa nilicheka, nisamehe, mana ninja inaacha wazi pale pale panapotakiwa. Saa inarekebishwa kupitia macho! Nyuma ya jicho kuna chembe maalum ambazo hazikusaidii kuona sura ya mtu wala kusoma, kazi yake ni kupima mwanga na kupeleka habari kwenye saa, zimejulikana juzi juzi tu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata baadhi ya vipofu wanazo nzima na saa zao zinakwenda sawa. Chembe hizi hazitaki ulitazame jua, zinataka uwe nje basi, unatazama barabara, unatazama kuku, lolote. Mwanga unapimwa kwa laksi. Chumba chenye taa kama chako unapata laksi mia moja, mia mbili ukibahatika, lakini ukikaa nje kivulini mchana unapata elfu kumi na zaidi, juani penyewe laki. Macho yetu yanajirekebisha upesi ndo mana hatuoni kama tofauti ni kubwa hivyo. Hata siku ya mawingu ya masika nje kunaishinda taa yako mara nyingi mno.

Vitamini D ni habari mbali, watu wanazichanganya. Hiyo inatengenezwa na ngozi, na inataka jua lililopanda, lile la mapema halina ule mnururisho wa kutosha, na dirisha la kioo linauzuia kabisa. Ngozi nyeusi inachukua muda zaidi, na mwanamke anayejifunika anaweza kupungukiwa hata kama anakaa nchi ya jua, hilo limeonekana sana nchi za Kiarabu. Ukiwa na ua au sakafu ya juu isiyochunguliwa, kunja mikono na ufunue miguu robo saa hivi kabla ya Adhuhuri unapoanika nguo, inatosha kuanzia. Kula dagaa, kula mayai. Vidonge vya vitamini usinunue kwa kusikia, muulize daktari kama unahitaji kupimwa. Ila hata vitamini D ikijaa tele haitakulaza usingizi ikiwa saa haijarudi mahala pake.

Mie hili nimeliona kwa mwili wangu. Unakumbuka ule umeme ulipokatika Unguja nzima, waya wa baharini umeharibika, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Tulipata tabu wallahi, maji hakuna, friji zinanuka, wenye jenereta wanatupigia makelele na moshi. Nyumbani kwetu tulikuwa na kandili moja tu. Wiki ya kwanza nilikuwa nalalamika nashindwa kulala na joto, wiki ya tatu nikajikuta baada ya Isha nasinzia na kijiko mkononi, na kabla ya adhana nishaamka mwenyewe macho mepesi. Nikadhani ni uzee. Miaka baadae nikasoma kwamba Marekani mwaka 2013 walichukua watu wanane wakawapeleka kupiga kambi wiki moja kwenye milima ya Colorado, hakuna taa wala simu, moto wa kuni tu, saa zao za mwili zikawahi kama masaa mawili, wale wachelewaji wa kulala wakawa kama wenzao. Nikasema kumbe sie tuliifanya hii kambi miezi mitatu bila kupenda.

Turudi kwenye boflo la saa nane ya usiku mana hapo ndo penye sukari yako. Giza likiingia mwili unatoa homoni ya usiku, melatonini, na ikishakuwa juu insulini, ile homoni ya kushusha sukari, haifanyi kazi vizuri kama mchana. Chakula kile kile, boflo lile lile na chai ile ile, ukila saa mbili asubuhi sukari inapanda kidogo inashuka, ukila usiku wa manane inapanda na kukaa huko huko, na asubuhi kipimo kinakusomea 11. Daktari hajui haya kwa sababu umemficha, kakuongezea dawa ya kupambana na wali wa usiku asioujua. Rudi kwake umwambie. Usione haya, wao wameshasikia makubwa kuliko kiporo chako.

Kwa hiyo kesho ukisali Alfajiri usirudi kitandani. Hapo ndo vita yenyewe ilipo, mengine yote yatafuata. Vaa, toka. Weye uko Mkunazini, Mnazi Mmoja ni pua na mdomo, nenda Bustani ya Jamhuri ukae kwenye benchi huku kukipambazuka, nusu saa, lisaa ukiweza. Watu watakwambia Forodhani, Forodhani pazuri lakini panatazama magharibi, asubuhi jua liko nyuma ya majumba, si kama haifai mana mwanga wa angani unatosha, ila kwako Mnazi Mmoja ni karibu na ukichoka unarudi upesi. Usianze kutembea mbio kama wale vijana wa mazoezi. Kifua kilichopata TB kinaweza kubaki na makovu, siku za mwanzo kaa tu, baada ya wiki zunguka bustani mara moja, ukiona siku ya pili yake umeanguka kitandani basi umezidisha, punguza. Siku ya mvua kaa kwenye baraza ya nje, mlango wazi.

Chai inywe asubuhi na kitu cha kushibisha, chakula cha usiku kiliwe mapema baada ya Magharibi. Kahawa mwisho Adhuhuri, kile kikombe kidogo cha kahawa chungu cha baada ya Isha kinabaki kwenye damu masaa mengi, nusu yake bado imo baada ya masaa matano hivi. Mchana ukizidiwa lala kailula, dakika ishirini thelathini kabla ya Alasiri, weka kengele, na lala kwenye kiti usilale kitandani mana kitanda nakijua mie kinavyomdanganya mtu. Simu ikae chumba cha watoto, au ukutani mbali na mkono. Na ile taa nyeupe kali, kila nyumba ya Mji Mkongwe siku hizi ina taa kama chumba cha upasuaji, nunua ya manjano ndogo uwe unawasha hiyo baada ya Isha.

Siku tatu nne za mwanzo utateseka, utajiona kama mlevi mchana. Vumilia, saa inasogea kidogo kidogo, haiwezi kuruka masaa sita kwa siku moja. Ukifika Ramadhani daku na tarawehe zitaivuruga tena, na habari ya kufunga ukiwa na metfomini kazungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Mume wako msomee barua hii. Bwana, huyu si mvivu, mtu aliyelala kizani miezi sita kwa amri ya ugonjwa ndo anakuwa hivi, na weye uliyemsimamia vidonge kila siku bila kukosa (mashaallah, wanaume wangapi wanaweza) sasa msimamie mlango, Alfajiri ukirudi msikitini umkute nje.

Ila si kila uchovu ni saa. Ukianza tena kukohoa wiki mbili, jasho la usiku la kulowesha shuka, homa za jioni, mwili kupungua, rudi ukapimwe makohozi usisubiri. Pumzi ikikata hata ukiwa umekaa, ukakohoa damu, hospitali siku hiyo hiyo. Na mwambie daktari akuangalie damu kama haijapungua, na umwambie pia kama unalia lia au huoni raha na kitu, mana ugonjwa mrefu unaacha na hayo.

Pemba nenda ukipata nafasi, wiki mbili tatu, ukae kibarazani na mama mkichambua karafuu kama ni msimu, mwanga utaupata bila kuutafuta. Beba vidonge vya kutosha, kipima sukari na kadi yako ya kliniki. Ila simu yako kule nayo inawaka vile vile.

Niandikie baada ya wiki tatu uniambie asubuhi sukari inasoma ngapi. Na kabla ya yote hayo leo jioni mwambie mumeo mkisogeze hicho kitanda kiwe chini ya dirisha, na kiwe mbali na ukuta shubiri mbili, nimekaa nyumba ya mawe miaka kumi na moja, ule ukuta unatoa unyevu na godoro lako upande wa chini ukilifunua utakuta limeota weusi.